Mwongozo Kamili wa Kuchagua Beringi za Viatu vya Hoki ya Magurudumu

Beringi nyingi za viatu vya hoki huharibika kabla ya wakati wake kwa sababu tatu: uchafu, maji na kufungwa vibaya. Kasi haimo kwenye orodha hiyo. Hata hivyo mnunuzi huonyeshwa kwanza namba ya ABEC, yaani daraja la usahihi wa vipimo vya beringi, 7 au 9, na bei hupanda kwa kuifuata namba hiyo. Hapa tunaanza upande wa pili: vipimo, ekseli (mhimili unaopita katikati ya gurudumu) na spesa (kibomba kinachotenganisha beringi mbili), kisha uwanja unaochezea na nafasi yako uwanjani. Namba ya ABEC tutaifikia, na tutaipa uzito unaoistahili, ambao ni mdogo.

Maelezo haya ni ya viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, vinavyotumika kwa hoki ya sakafuni au ya lami.

Ndani ya beringi

Kila beringi ina ringi mbili za chuma, ya ndani na ya nje. Kati yake kuna gololi, kwa kawaida 7, zinazotembea kwenye mfereji uliosuguliwa hadi ukang'aa. Gololi hutenganishwa na keji ya chuma au ya plastiki ili zisigongane. Pembeni kuna kifuniko kimoja au viwili vya kuzuia vumbi, na ndani mna grisi au mafuta. Ringi ya nje hukaa imebanwa kwenye kitovu cha gurudumu na huzunguka nalo. Ringi ya ndani husimama tuli pamoja na ekseli. Jambo hilo la mwisho lishike vizuri, kwa sababu makosa mengi ya ufungaji yanatokana na kulisahau.

Hatua ya 1: Pima beringi ulizonazo

Chomoa gurudumu moja, toa beringi, uipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo na upana. Viatu vingi vya hoki hutumia beringi ya namba 608, yenye tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha milimita 22 na upana wa milimita 7. Namba hiyo mara nyingi imechorwa kwenye kifuniko au kwenye ringi yenyewe, ikifuatwa na herufi tutakazozieleza mbele.

Kuna aina nyingine, 688, ambayo wachezaji huiita beringi ndogo. Tundu lake ni lile lile la milimita 8, lakini kipenyo cha nje ni milimita 16 na upana ni milimita 5 ikiwa na vifuniko. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba gololi zake ni ndogo, kwa hiyo hubeba mzigo mdogo, na huhitaji gurudumu lenye kitovu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Huwezi kuitia 688 kwenye gurudumu la 608, wala 608 kwenye gurudumu la 688. Kama viatu vyako vimekuja na beringi ndogo na magurudumu yake yamekwisha, ni heri kuhamia magurudumu ya 608 mara moja pamoja na spesa zake. Kupata vipuri kutakuwa rahisi zaidi miaka yote inayofuata.

Jihadhari pia na 627. Kwa nje inafanana kabisa na 608, milimita 22 kwa 7, ila tundu lake ni milimita 7. Hutumika kwenye baadhi ya viatu vya magurudumu manne yaliyokaa mraba. Ukiinunua kwa kukosea, ekseli yako ya milimita 8 haitapita.

Ukubwa wa gurudumu haubadilishi beringi. Viatu vya hoki mara nyingi huwa na magurudumu madogo mbele na makubwa nyuma, kwa mfano mawili ya milimita 76 na mawili ya 80, au 72 na 80. Yote manne huchukua beringi ile ile, mradi vitovu ni vya 608.

Idadi ni rahisi kuijua: kila gurudumu lina beringi mbili na spesa moja. Viatu vya magurudumu manne kila mguu vinahitaji beringi 16 na spesa 8. Nunua 16 pamoja na mbili au nne za akiba. Zikiwa za aina moja na umri mmoja, utajua zote zinahitaji huduma lini.

Hatua ya 2: Jua ekseli yako, kisha chagua spesa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Watu hununua beringi za bei ya juu, wakazifunga na spesa zisizofaa, halafu wakalaumu beringi.

Spesa ni kibomba kifupi kinachokaa katikati ya beringi mbili ndani ya kitovu. Unapokaza ekseli, fremu (sehemu ya kiatu inayoshika magurudumu) hubana ringi za ndani kutoka pande zote mbili. Kama katikati kuna spesa yenye urefu sahihi, nguvu hiyo hupita kutoka ringi ya ndani ya kwanza, kwenye spesa, hadi ringi ya ndani ya pili, na gololi hazisikii chochote. Kama hakuna spesa, au ni fupi, ringi za ndani husukumwa kuelekeana wakati ringi za nje zimezuiwa na kitovu. Gololi hubanwa upande mmoja wa mfereji, gurudumu linakuwa zito, na mfereji unaanza kulika. Mchezaji hulegeza ekseli ili gurudumu lizunguke, na sasa ekseli iliyolegea inaweza kutoka katikati ya mchezo.

Kwa magurudumu ya 608, urefu wa spesa huwa milimita 10.2 hadi 10.3 hivi. Ikizidi sana, beringi hazikai hadi mwisho na gurudumu linacheza kulia na kushoto. Pima spesa zako zote nane kwa kalipa. Tofauti ya milimita 0.1 kati ya moja na nyingine inatosha kufanya gurudumu moja liwe zito na jingine liwe jepesi.

Aina ya spesa hutegemea ekseli:

- Ekseli ya milimita 8: spesa ni kibomba chenye tundu la milimita 8, na beringi hukaa moja kwa moja juu ya ekseli.
- Ekseli ya milimita 6: spesa ina tundu la milimita 6, na ncha zake mbili zina kipenyo cha milimita 8 zinazoingia ndani ya matundu ya beringi. Bila spesa hii beringi ingening'inia juu ya ekseli.

Spesa huwa za plastiki, aluminiamu au chuma. Za plastiki hubonyea unapokaza, kisha urefu wake hauaminiki tena. Kwa hoki chukua aluminiamu au chuma. Ni badiliko dogo ambalo mchezaji hulisikia mguuni siku hiyo hiyo.

Zipo pia beringi ambazo ringi yake ya ndani imerefushwa upande mmoja, hivi kwamba mbili zikikutana katikati hazihitaji spesa. Zinafaa kwa ekseli ya milimita 8. Usizichanganye na spesa za kawaida, na hakikisha upande mrefu unatazama ndani ya gurudumu.

Hatua ya 3: Angalia uwanja kabla ya kuangalia beringi

Ukicheza ndani, kwenye sakafu ya vigae vya plastiki au ya mbao, adui wako ni nywele, nyuzi za nguo na vumbi laini. Nywele hujizungusha kwenye ekseli kati ya fremu na beringi, zikasukuma kifuniko na kunyonya mafuta. Hapa vifuniko vya chuma vinatosha, na unaweza kutumia mafuta mepesi kwa sababu uchafu ni mchache.

Ukicheza nje, kwenye lami au zege, unapambana na mchanga. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye mfereji husagwa na gololi, ikaacha mikwaruzo midogo kwenye chuma, na mikwaruzo hiyo haifutiki kwa kusafisha. Kwa uwanja wa nje chukua vifuniko vya mpira na grisi. Utapoteza wepesi kidogo gurudumu likizungushwa kwa mkono, na utapata beringi inayomaliza msimu.

Anayecheza kote kuwili na ana seti moja tu ya magurudumu achague kwa kufuata uwanja mchafu zaidi. Mwenye seti mbili za magurudumu, laini ya ndani na ngumu ya nje, aweke beringi tofauti kwenye kila seti asizihamishe. Kila unapochomoa na kurudisha beringi, kitovu cha plastiki hulegea kidogo.

Hatua ya 4: Zingatia nafasi na uzito

Hoki si mbio ndefu za mstari ulionyooka. Mchezaji huanza, husimama kwa kuburuza magurudumu ubavu, hugeuka, huruka fimbo na hugonga ukuta wa uwanja. Mzigo wa pembeni ni mkubwa na huja kwa mshtuko. Beringi ya 608 ya kawaida ina uwezo wa mzigo tuli wa takriban kilonewtoni 1.37, yaani kilo 140 hivi. Mchezaji wa kilo 80 akisimama tuli hayuko hata karibu na kiwango hicho. Akitua kutoka juu kwa gurudumu moja la kisigino, uzito wake wote ukizidishwa na mshtuko hushukia beringi mbili tu, na gololi zinaweza kuacha vibonyeo kwenye mfereji.

Kwa hiyo mchezaji mzito, au beki anayesukumana sana, anahitaji beringi imara ya chuma yenye gololi nzuri kuliko beringi nyepesi. Baadhi ya watengenezaji hutumia gololi 6 kubwa badala ya 7, ili kila gololi ibebe zaidi. Ni chaguo zuri kwa wachezaji wa aina hiyo. Mshambuliaji mwepesi anaweza kutumia chochote kilichotengenezwa vizuri. Mtoto anahitaji beringi za kawaida zilizo safi, basi, kwa sababu kiatu kitambana kabla beringi hazijachoka.

Golikipa ni habari tofauti. Yeye husogea kwa kusukuma ubavu, hushuka magoti na kuinuka. Hahitaji gurudumu linalozunguka muda mrefu. Anahitaji gurudumu lisilocheza pembeni, vifuniko vya mpira, na grisi ya kutosha.

Hatua ya 5: Soma namba ya ABEC ilivyo

ABEC ni kifupi cha kamati ya wahandisi ya chama cha watengenezaji beringi cha Marekani. Madaraja yake ni 1, 3, 5, 7 na 9, na yanalingana na madaraja ya ISO, shirika la viwango la kimataifa, yaitwayo Kawaida, 6, 5, 4 na 2. Daraja huonyesha ni kwa kiasi gani vipimo vya ringi vinaruhusiwa kupishana na kipimo kamili, na jinsi ringi inavyozunguka bila kuyumba.

Chukua tundu la milimita 8. ABEC 1 inaruhusu lipungue kwa maikromita 8, si zaidi. ABEC 3 ni maikromita 7, ABEC 5 ni 5, ABEC 7 ni 4, na ABEC 9 ni 2.5. Maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maikromita. Beringi hiyo unaibana kwenye kitovu cha plastiki kinachopinda zaidi ya hapo kila unapogeuka. Usahihi unaoulipia kutoka ABEC 5 kwenda ABEC 9 unamezwa na gurudumu lenyewe.

Daraja hilo halisemi lolote kuhusu ubora wa chuma, ulaini wa mfereji, aina ya keji, vifuniko, mafuta, wala nafasi iliyoachwa kati ya gololi na ringi. Hayo ndiyo yanayoamua maisha ya beringi kwenye kiatu. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa beringi za michezo, kama Bones, hawatumii ABEC bali wana vigezo vyao wenyewe. Vigezo hivyo ni vya mtengenezaji mmoja mmoja, kwa hiyo usivilinganishe na ABEC kana kwamba ni ngazi moja.

Kuhusu kasi, hesabu ni hii. Gurudumu la milimita 80 lina mzingo wa milimita 251. Ukienda kilomita 30 kwa saa, linazunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Beringi ya 608 ya kawaida yenye grisi imeundwa kuhimili zaidi ya mizunguko 30,000 kwa dakika. Hakuna mchezaji wa hoki atakayefika huko. Anayekuambia ABEC 9 inahitajika kwa ajili ya kasi yako anauza namba.

Ushauri wetu: ABEC 3 au 5 kutoka kwa mtengenezaji anayeheshimika, au beringi ya michezo isiyo na ABEC kutoka kwa mtengenezaji wa aina hiyo. Beringi ya bei rahisi mno iliyochorwa ABEC 9 iache. Mchoro kwenye kifuniko ni rahisi kuuweka kuliko kutengeneza beringi ya daraja hilo.

Kuna alama moja ambayo wanunuzi wengi huipita ingawa ina maana zaidi: C3. Inaonyesha kwamba nafasi ya ndani kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko ya kawaida. Kwa beringi za ukubwa huu, nafasi ya kawaida ni maikromita 2 hadi 13, na C3 ni 8 hadi 23. Nafasi hiyo humsaidia mchezaji wa hoki kwa njia mbili. Kitovu kinapoibana ringi ya nje, beringi bado inabaki na pumzi. Na mzigo wa pembeni unapokuja, gololi hupanda kidogo kwenye ukingo wa mfereji na kuupokea vizuri zaidi. Beringi ya C3 ikitikiswa mkononi husikika inacheza kidogo. Usiikatae kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Chagua chuma, keji na vifuniko

Chuma cha kromu, kinachojulikana kwa namba 52100, ndicho cha kawaida. Ni kigumu na hubeba mzigo vizuri. Kina kromu asilimia 1.5 hivi tu, kwa hiyo kikikutana na maji hushika kutu upesi. Chuma kisichoshika kutu cha 440C kina kromu karibu asilimia 17. Ni laini kidogo kuliko 52100, lakini kwa anayecheza nje kwenye unyevu ni chaguo la busara.

Beringi mseto zina ringi za chuma na gololi za seramiki ya silikoni nitridi. Gololi hizo ni nyepesi, chini ya nusu ya uzito wa chuma, ni ngumu sana na hazishiki kutu. Tatizo ni kwamba ringi bado ni za chuma, na uchafu ukiingia gololi ngumu huusaga ndani ya ringi. Kwa hoki hazirudishi gharama yake. Beringi zilizo seramiki tupu, pamoja na ringi, zisahau kabisa: ringi za seramiki hazipendi mshtuko, na hoki ni mshtuko mtupu. Rangi za dhahabu au buluu na madai ya kupakwa titani yasikuongezee hata senti.

Keji ya nailoni ni tulivu na huvumilia kukauka mafuta kwa muda mfupi. Ya chuma chembamba huvumilia joto na viyeyushi vyote vya kusafishia, ila hupiga kelele zaidi. Kwa mchezo huu nailoni ndiyo tunayoipendelea.

Vifuniko vina herufi zake. Z ni kifuniko kimoja cha chuma, ZZ ni viwili. RS ni kimoja cha mpira, 2RS ni viwili. Cha chuma hakigusi ringi ya ndani, kwa hiyo hakiongezi msuguano, lakini kinaacha upenyo mwembamba wa vumbi. Cha mpira kinachogusa huziba vizuri na huburuta kidogo, hasa kikiwa kipya. Kipo cha mpira kisichogusa, kilicho katikati ya hivyo viwili, na kwa mchezaji wa viwanja vyote hicho ndicho tungekipa nafasi ya kwanza.

Kabla ya kulipa, tazama kama kifuniko kinatoka. Kile kinachoshikiliwa na waya mdogo wenye umbo la C, na kile cha mpira, hutoka na kurudi. Kile kilichofinywa moja kwa moja kwenye ringi hakitoki bila kuharibika, na beringi ya namna hiyo huwezi kuisafisha ipasavyo. Ichukue tu kama ni ya bei ndogo na uko tayari kuitupa ikichafuka.

Hatua ya 7: Kufunga

1. Safisha kitovu cha gurudumu kwa kitambaa kikavu. Mchanga ukibaki kwenye kiti cha beringi, beringi itakaa mshazari.
2. Weka beringi ya kwanza ikiwa imenyooka na uisukume kwa kifaa cha kusukumia beringi, au kwa kidole gumba ikikubali. Nguvu iende kwenye ringi ya nje. Ukisukuma ringi ya ndani, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuacha vibonyeo. Usitumie nyundo.
3. Kama beringi ina kifuniko upande mmoja tu, upande wenye kifuniko utazame nje na ulio wazi utazame ndani ya kitovu.
4. Geuza gurudumu, tia spesa, hakikisha imesimama katikati. Ukiisahau, itabidi kung'oa beringi tena.
5. Sukuma beringi ya pili hadi ikae. Jaribu kuizungusha spesa kwa kidole: isiwe imelegea sana, na isiwe imebanwa hadi isigeuke.
6. Rudisha gurudumu kwenye fremu na ukaze ekseli kwa ufunguo wake halisi. Kaza imara bila kutumia ufunguo wenye mkono mrefu, maana nyuzi za skrubu kwenye fremu ya aluminiamu huvuliwa kirahisi.

Sasa fanya jaribio moja tu. Zungusha gurudumu kabla ya kumalizia kukaza, kisha kaza na uzungushe tena. Likizunguka sawasawa mara zote mbili, spesa ni sahihi. Likiwa zito baada ya kukaza, spesa ni fupi, au beringi haijakaa, au fremu inasugua. Shika gurudumu ulitikise kulia na kushoto: mchezo mdogo sana ni wa kawaida, hasa kwa C3, lakini ukisikia mgongano wa chuma kuna kitu hakijakaa.

Muda ambao gurudumu linazunguka hewani usikudanganye. Beringi mpya yenye grisi nzito itasimama baada ya sekunde chache, na beringi kavu isiyo na mafuta itazunguka muda mrefu sana huku ikijiua. Bila uzito wa mchezaji juu yake, jaribio hilo hupima unene wa mafuta tu.

Hatua ya 8: Kusafisha na kutia mafuta

Baada ya kucheza, futa vumbi na nywele kwa kitambaa kikavu, basi. Ukicheza kwenye unyevu, toa magurudumu siku hiyo hiyo. Beringi za 52100 zikilala na maji usiku mmoja huamka na kutu.

Usafishaji kamili ufanye beringi inapoanza kukwaruza, au unapobadilisha nafasi za magurudumu. Ondoa waya wa C kwa kuinua ncha yake kwa pini, kisha kifuniko kitaanguka. Cha mpira kiinue kutoka ukingo wa ndani kwa pini nyembamba, polepole, kisipinde. Loweka beringi bila vifuniko kwenye pombe ya isopropili au kiyeyushi cha grisi, tikisa, badilisha kiyeyushi hadi kibaki kisafi. Vifuniko vya mpira vifute kwa maji ya sabuni na uvikaushe. Asetoni ni adui wa mpira na plastiki kadhaa. Petroli usiiguse, mvuke wake hulipuka. Fanya kazi mahali penye hewa.

Kausha mara moja. Ukitumia hewa ya kubana, shikilia ringi zote mbili zisizunguke: beringi kavu ikizungushwa kwa hewa kwa kasi kubwa mifereji yake huharibika, na inaweza hata kupasuka.

Kisha chagua. Mafuta mepesi ya beringi: matone mawili, zungusha, futa yaliyozidi. Hufanya gurudumu kuwa jepesi na huhitaji kurudiwa mara kwa mara. Grisi: jaza karibu theluthi moja ya nafasi iliyo wazi, si zaidi. Ukijaza pomoni, gololi huisukuma muda wote na ziada hutoka nje ikikusanya vumbi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu, kama WD-40 ya kawaida, huondoa grisi iliyokuwemo na hazikai muda mrefu, kwa hiyo zisichukue nafasi ya mafuta.

Dalili na maana zake

Sauti ya kusaga ni uchafu. Safisha, na ikirudi baada ya kusafisha, mfereji umekwisha kukwaruzwa.

Mlio wa tik-tik unaojirudia kwa kila mzunguko ni kibonyeo kwenye ringi au keji iliyovunjika. Tupa beringi hiyo. Keji ikikatika ndani, gurudumu linaweza kukwama ghafla ukiwa kasi.

Gurudumu likiwa jepesi mkononi na zito kwenye fremu, rudi kwenye spesa.

Beringi ikitoka yenyewe kwenye kitovu, au ringi ya nje ikizunguka ndani ya kiti chake, kitovu kimepanuka. Gurudumu ndilo la kubadilishwa. Gundi haitasaidia kwa muda mrefu, na itaharibu beringi nzima.

Madoa ya kutu juu ya ringi ya nje tu hayana neno. Madoa ndani ya mfereji, hata kidogo, yanamaliza beringi, kwa sababu kila gololi hupita juu yake na kung'oa chembe mpya.

Beringi moja ikifa, badilisha na mwenzake wa gurudumu hilo hilo. Zikifa nne au tano kati ya 16 ndani ya muda mfupi, nunua seti nzima, na zile zilizo hai zihifadhi kwenye chupa kavu yenye tone la mafuta kama akiba.